Jinsi ya Kujifunza Kumcha Mungu: Mwongozo Kamili kwa Aliyejaribu Akashindwa

Wengi huanza vizuri. Wanasikia mahubiri makali juu ya hukumu, wanalia, wanamwahidi Mungu kwamba maisha yatabadilika, na kwa majuma mawili matatu yanabadilika kweli. Kisha woga unapoa na dhambi ileile inarudi mahali pake. Mwenye bidii hutafuta mahubiri mengine, makali kuliko yale ya kwanza. Akizunguka hivyo mara kadhaa, hufikia mojawapo ya mawili: moyo kufa ganzi, au hofu ya kudumu isiyompa amani wala kumbadilisha tabia.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Tatizo lake si uvivu. Amezoezwa kungojea hisia, ilhali Maandiko yanasema kumcha Mungu ni jambo la kufundishwa. Katika Zaburi 34:11 Daudi anawaita wana waje awafundishe kumcha Bwana. Katika Kumbukumbu la Torati 31:12-13 Musa anaagiza wanaume, wanawake, watoto na wageni wakusanywe wasikie torati, ili wajifunze kumcha Bwana. Jambo la kujifunza lina mahali pa kuanzia, lina mazoezi, na mwanafunzi anaweza kujua kama anaendelea au amekwama.

## Vitu vya kuandaa

- Biblia kamili, Agano la Kale na Jipya. Agano Jipya peke yake halitatosha kwa kazi hii.
- Daftari ambalo hakuna mwingine atakayelisoma, na kalamu. Usitumie simu, katika hatua ya pili utanakili kwa mkono, na sababu yake nitaieleza.
- Nusu saa ya faragha kila siku, saa ileile ikiwezekana.
- Mkristo mmoja aliyekomaa, anayetunza siri na asiyekuogopa. Mchungaji, mzee wa kanisa, mama wa imani, yeyote, mradi aweze kukuambia ukweli.
- Muda. Jipe miezi kadhaa. Anayetaka kumaliza kwa juma moja atarudi kwenye mzunguko ule ule wa kulia na kusahau.

Tahadhari moja kabla ya kuanza. Kama unaungama dhambi ileile mara kumi kwa siku na kila mara huamini kwamba umesamehewa, au mawazo ya jehanamu yanakunyima usingizi na chakula, usianze peke yako. Zungumza na mchungaji mwenye hekima na pia na daktari au mshauri wa afya ya akili. Hilo si upungufu wa imani. Akili iliyochoka huweza kugeuza hata aya ya faraja kuwa tishio, na mtu wa namna hiyo anahitaji kutulizwa kwanza ndipo afundishwe.

## Hatua ya 1: Pima hofu uliyo nayo sasa

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo maana nyingine zinaporomoka. Mtu husema "namwogopa Mungu" bila kujiuliza ni hofu ya namna gani.

Biblia inatuonyesha hofu za aina mbili, na kuna mahali zinakutana katika aya moja. Watu wa Israeli wako chini ya mlima Sinai. Ngurumo, umeme, sauti ya baragumu, mlima unafuka moshi. Wanatetemeka, wanasimama mbali, wanamwomba Musa aseme nao yeye, Mungu asiseme nao wasije wakafa. Musa anawajibu, Kutoka 20:20, wasiogope. Na papo hapo anawaambia kwamba Mungu amekuja ili hofu yake iwe mbele yao, wasitende dhambi. Msiogope, na hofu iwe mbele yenu. Aya inayofuata inaonyesha tofauti: watu wakasimama mbali, Musa akalikaribia lile giza nene Mungu alipokuwapo.

Hapo ndipo pa kupimia. Hofu inayokupeleka mbali na Mungu ni ile ya Adamu: "Nalisikia sauti yako bustanini, nikaogopa kwa kuwa mimi ni uchi, nikajificha." Ni ile ya mtumishi wa talanta moja katika Mathayo 25, aliyemwona bwana wake kuwa mtu mgumu, akaogopa, akaificha talanta ardhini. Mtazame vizuri mtumishi yule: aliogopa sana, na hakufanya lolote. Hata mashetani, asema Yakobo 2:19, huamini na kutetemeka, wala kutetemeka kwao hakujawafanya watakatifu. Lakini hofu ya Musa ilimsogeza karibu.

Fanya hivi. Kumbuka dhambi ya mwisho unayoijua. Andika kwenye daftari ulichofanya katika saa zilizofuata. Uliomba, au uliahirisha maombi mpaka "utakapokuwa safi"? Ulitafuta ushirika, au ulikosa ibada? Ulitengeneza ulichoharibu, au ulijishughulisha na jambo jingine? Andika ukweli, hata kama ni mistari mitatu tu.

Umeifaulu hatua hii ukiweza kusema waziwazi, "Hofu yangu kwa sasa ni ya kujificha," au "Ni mchanganyiko, na hapa ndipo ninapojificha." Usijilazimishe kuona aibu. Unatafuta kujua ulipo, basi.

## Hatua ya 2: Mjue unayemcha

Huwezi kumcha usiyemjua. Ukijaribu, utaogopa picha uliyojichorea kichwani, na mara nyingi picha hiyo ina sura ya baba mkali, mwalimu wa fimbo au kiongozi aliyekuaibisha hadharani.

Soma vifungu hivi, kimoja kwa siku, na urudie orodha nzima angalau mara mbili: Isaya 6:1-8, Ayubu 38 hadi 41, sura moja kila siku, Zaburi 139, Zaburi 130, Marko 4:35-41, Luka 5:1-11, Mathayo 10:26-31, Ufunuo 1:9-18.

Kila siku nakili kwa mkono aya mbili au tatu zilizokugusa, kisha andika chini yake majibu mawili: Mungu ni nani hapa? Amemtendea nini mtu aliyeogopa?

Kwa nini kunakili? Kumbukumbu la Torati 17:18-19 linamwagiza mfalme wa Israeli ajiandikie nakala ya torati na kuisoma siku zote za maisha yake, apate kujifunza kumcha Bwana Mungu wake. Mfalme, mwenye waandishi wa kutosha! Mkono hukataa kwenda mbio kama macho yanavyokwenda. Neno ulilozoea kulipita husimama mbele yako.

Swali la pili ndilo litakalokushangaza. Isaya analia kwamba amepotea, kwa kuwa midomo yake ni michafu. Serafi anaigusa midomo hiyohiyo kwa kaa la moto na kumwambia dhambi yake imefunikwa. Petro anaanguka magotini pa Yesu akimwambia aondoke kwake, maana yeye ni mwenye dhambi. Anaambiwa asiogope, na anapewa kazi. Yohana anaanguka miguuni pake kama mtu aliyekufa. Anawekewa mkono wa kuume na kuambiwa usiogope. Mungu hajipunguzii utukufu wake ili wapate nafuu. Anabaki vilevile alivyo, na anawainua.

Kifungu cha Marko kisome polepole. Wanafunzi walikuwa na hofu wakati wa dhoruba, hilo linaeleweka. Lakini Marko anasema waliingiwa na hofu kuu baada ya bahari kutulia, wakiulizana ni nani huyu hata upepo na bahari vinamtii. Hatari imekwisha, na hofu imekua. Hiyo ya pili ndiyo tunayoitafuta: hofu inayozaliwa na kumtambua aliye pamoja nawe chomboni.

Kisha Zaburi 130:4: "Lakini kwako kuna msamaha, ili Wewe uogopwe." Mtu angetarajia iandikwe kwamba kwako kuna adhabu ili uogopwe. Kaa na aya hii mpaka ikusumbue. Msamaha wa Mungu ukieleweka kwa kina, ndipo dhambi inapokuwa nzito machoni petu, kwa sababu tunaona gharama yake na tunamwona anayeilipa. Ukiona msamaha unakufanya uichukulie dhambi kuwa nyepesi, bado hujauona msamaha wenyewe.

Tahadhari ni mbili. Usichague vifungu vya hukumu tu. Na usivikwepe. Bwana Yesu mwenyewe, katika Mathayo 10:28, alisema tumwogope yeye awezaye kuangamiza mwili na roho katika jehanamu. Alisema hayo kwa marafiki zake, na akaendelea papo hapo kuwaambia habari za mashomoro, nywele za vichwa vyao zilizohesabiwa, na kwamba wasiogope. Anayehubiri aya ya 28 akaishia hapo amekata maneno ya Bwana katikati. Anayeanzia aya ya 29 amefanya kosa lilelile kutoka upande wa pili.

Utajua umefika pale utakapoona maombi yako yamebadilika bila kujilazimisha: unaanza kumsifu kabla ya kuomba, na ukimya mbele zake haukuchoshi kama zamani.

## Hatua ya 3: Taja uovu kwa jina lake

Mithali 8:13 inasema, "Kumcha Bwana ni kuchukia uovu," kisha inautaja: kiburi, majivuno, njia mbovu, kinywa cha ukaidi. Daudi katika Zaburi 34, baada ya kuwaita wana awafundishe, anaanza na ulimi: uzuie na mabaya, midomo isiseme hila. Ndipo anasema waache mabaya, watende mema, watafute amani na kuifuatia.

Kwa hiyo ungamo la "nisamehe makosa yangu yote" halitoshi kama zoezi. Andika: "Nilimwambia fulani kwamba nimeshalipa, na sijalipa." "Nilieneza habari ya fulani bila kujua ukweli wake." Soma mbele za Mungu kama ulivyoandika, bila kupamba na bila kueleza sababu.

Pale ulipochukua cha mtu, rudisha. Torati, katika Hesabu 5:6-7, iliagiza mkosaji aungame, arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alikwenda mbali zaidi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Sisemi kila mtu alipe mara nne. Nasema toba isiyogusa mfuko pale mfuko ulipotenda dhambi ni toba ya kutiliwa shaka.

Angalia sana jambo moja: kama kuungama kwako kwa mtu kunaweza kumwumiza mtu wa tatu asiyehusika, zungumza kwanza na yule mshauri wako. Na kama ulimdhuru mtu kwa namna inayohusu sheria, toba haiwi njia ya kukwepa sheria, wala usimlazimishe uliyemwumiza akusamehe ili wewe upate amani.

Mafanikio hapa ni ya ajabu kidogo. Huhisi kwamba umekuwa mtakatifu; unahisi kichefuchefu kwa jambo ambalo mwaka jana ulilifurahia.

## Hatua ya 4: Fanyia mazoezi mahali ambapo hakuna atakayekudai

Nikiulizwa hatua gani ni moyo wa mwongozo huu, ni hii.

Fungua Mambo ya Walawi 19:14. Usimlaani kiziwi, wala usitie kwazo mbele ya kipofu, bali umche Mungu wako. Jiulize kwa nini amri ya kumcha Mungu imewekwa hapo. Kiziwi hasikii ulichosema. Kipofu hataona nani aliweka jiwe. Hakuna shahidi, hakuna wa kulipiza, hakuna kesi. Amebaki mmoja tu aliyesikia na kuona.

Endelea kusoma utaona mpangilio huo ukirudi. 19:32: simama mbele ya mwenye mvi, umche Mungu wako. 25:17: msidhulumiane, bali umche Mungu wako. 25:36: usitoze riba kwa ndugu aliyeishiwa. 25:43: usimtawale mtumishi kwa ukali. Mzee, maskini, mdaiwa, mtumwa. Kila mara ni mtu asiye na nguvu ya kukurudi.

Nehemia, liwali wa Yuda, alilielewa hili. Maliwali waliomtangulia waliwalemea watu, wakichukua mkate, divai na shekeli 40 za fedha. Yeye alikaa miaka 12 katika cheo hicho bila kula chakula cha liwali, na sababu anayoitoa katika Nehemia 5:15 ni kwamba alimcha Mungu. Alikuwa na haki ya kisheria kuchukua, na hakuna ambaye angemlaumu. Vivyo hivyo Yusufu katika nyumba ya Potifa, mbali na baba yake, mtumwa asiyejulikana, alipotongozwa na mke wa bwana wake: "Nifanyeje ubaya huu mkubwa nikamkose Mungu?"

Zoezi lenyewe:

1. Andika majina ya watu wasioweza kukujibu. Anayekufanyia kazi nyumbani. Mtoto wako. Aliye chini yako kazini. Anayekudai lakini anakuogopa. Mteja asiyejua kipimo. Na usimsahau yule asiyekuwapo chumbani anapozungumzwa. Kwa saa hiyo yeye ni kiziwi.
2. Mbele ya kila jina, andika jambo moja ambalo ungelibadilisha leo kama Mungu angekuwa ndiye msimamizi wa mtu huyo. Waefeso 6:9 inasema ndivyo ilivyo: Bwana wao na wako yuko mbinguni, wala kwake hakuna upendeleo.
3. Libadilishe juma hili. Moja tu kwa kila mtu.
4. Ongeza ukurasa wa mambo ya siri: unachotazama ukiwa peke yako, ujumbe unaoufuta, hesabu unazoandika mara mbili.

Usitangaze unachofanya. Ukishamsimulia mtu wema wako wa siri, umejipatia shahidi mwingine, na zoezi limeharibika. Mshauri wako ajue unapigana na nini. Si lazima ajue umeshinda mara ngapi.

Dalili ya kufaulu ni kwamba wanyonge wako wanaanza kupumua. Mtoto anakuletea kosa lake mwenyewe. Mfanyakazi anaomba likizo bila kutetemeka. Wengi hupima uchaji wao kwa machozi ya kwenye ibada, nami nadhani kipimo kizuri kuliko hicho ni uso wa mtu anayekutegemea unapofungua mlango.

## Hatua ya 5: Punguza hofu ya wanadamu

Hofu hizi mbili hushindana moyoni. Sauli aliiacha amri ya Mungu, na alipobanwa na Samweli alikiri, 1 Samweli 15:24, kwamba aliwaogopa watu akaitii sauti yao. Wazazi wa kipofu aliyeponywa katika Yohana 9 walikwepa kusema ni nani aliyemponya, wakihofia kutengwa na sinagogi. Upande mwingine wako wakunga wawili, Shifra na Pua, walioamriwa na Farao waue watoto wa kiume. Walimcha Mungu, hawakutii. Wanawake wasio na cheo walimkatalia mfalme wa Misri.

Kila jioni andika sentensi moja: leo nilisema nini, au nilinyamazia nini, kwa kuogopa mtu? Usiandike zaidi ya hapo. Baada ya muda utaona jina moja au mawili yanajirudia, na hapo ndipo pa kuombea na kuchukua hatua.

Usichanganye hili na ukorofi. 1 Petro 2:17 inaweka pamoja kuwaheshimu watu wote na kumcha Mungu.

## Hatua ya 6: Ukianguka, rudi upesi

Utaanguka. Na hapa ndipo hofu ya zamani itakapojaribu kurudi ikiwa imevaa mavazi ya uchaji, ikikuambia huna haki ya kuomba leo.

Walinganishe Yuda na Petro. Yuda alijuta kweli. Alikiri mbele ya makuhani kwamba amesaliti damu isiyo na hatia, akavitupa vile vipande 30 vya fedha, akaenda zake akajinyonga. Alikwenda kila mahali isipokuwa kwa Yesu. Petro, baada ya kumkana Yesu mara tatu, alilia kwa uchungu. Kisha, Yohana 21:7, aliposikia kwamba aliye ufukweni ni Bwana, alijitupa baharini ili awahi kumfikia. Ni mtu yuleyule ambaye siku ya samaki wengi, katika Luka 5, alimwomba Yesu aondoke kwake. Sasa ana dhambi kubwa kuliko ya siku ile, naye anaogelea kumfuata.

Wengine huuliza: mbona 1 Yohana 4:18 inasema pendo lililo kamili huitupa nje hofu? Soma sababu inayotolewa palepale: hofu hiyo ina adhabu. Ni hofu ya mtu anayengoja kupigwa. Warumi 8:15 inasema hatukupokea roho ya utumwa iletayo hofu, bali roho ya kufanywa wana. Na Petro huyohuyo, 1 Petro 1:17, anawaambia wanaomwita Mungu Baba waenende kwa hofu wakati wa kukaa kwao kama wageni. Mwana haogopi kufukuzwa. Anachelea kumhuzunisha Baba aliyemkomboa kwa damu ya thamani.

Kwa hiyo jiwekee kanuni: siku niliyoanguka ndiyo siku nitakayoomba, hata kwa sentensi mbili. Kipimo cha ukuaji ni umbali wa muda kati ya kuanguka na kurudi. Ukipungua kutoka majuma hadi siku, na kutoka siku hadi saa, unaendelea vizuri.

## Hatua ya 7: Usibaki peke yako

Malaki 3:16 inasema waliomcha Bwana walisemezana wao kwa wao, naye akasikiliza. Kutana na mshauri wako kila majuma mawili, umsomee sehemu za daftari unazoweza kusoma. Inatosha.

## Ukikwama

"Nimesoma vyote, sihisi kitu." Endelea na hatua ya 4. Utii wa siri ukitangulia, hisia huja kwa wakati wake, na kwa wengine huja kidogo tu. Hakuna kifungu hata kimoja katika vile tulivyosoma kinachoagiza utetemeke.

"Nilifaulu kwa muda, kisha nikawa mkali kwa wengine." Rudi hatua ya 2, usome Luka 18:9-14. Anayemcha Mungu hujiona yeye kwanza.

"Kiongozi wangu anasema kumhoji yeye ni kutomcha Mungu." Ondoka katika mafundisho hayo. Watu wa mji wa Beroya walipomsikia mtume Paulo waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo, na Matendo 17:11 inawasifu kwa hilo. Kama mtume alichunguzwa, hakuna aliye juu ya kuchunguzwa. Anayekuomba fedha, mwili au ukimya wako kwa jina la hofu ya Mungu anakutia kwazo njiani, na amri ya Walawi 19:14 inamhusu yeye. Mwambie mtu nje ya kanisa hilo, leo, na kama kuna uhalifu, peleka habari kwa wenye mamlaka ya kisheria.